Dalali, Wakili na Hati: Habari za Kununua Nyumba Jinja na Mbale

Waswahili husema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu kwa maana ya kwamba wema wa mtu haujulikani kwa sura yake. Lakini katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, methali hii yaweza kuchukuliwa kama ilivyo, bila fumbo. Hapo mtu anayetaka kununua nyumba huweza kufungua mlango, akaingia ndani, akapima vyumba, akahesabu madirisha na kugonga kuta kwa kidole, na bado asiwe ameijua nyumba anayoinunua. Sababu ni kwamba nyumba ya mjini ina nasaba kama mtu alivyo na nasaba, na nasaba hiyo imo katika karatasi zilizoandikwa, zikafutwa na kuandikwa tena kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Katika makala haya tumekusudia kueleza kwa ufupi jinsi karatasi hizo zilivyopatikana, na habari za watu wawili ambao mnunuzi wa nyumba hana budi kukutana nao, yaani dalali na wakili. Sisi si wanasheria. Ni walimu wa lugha. Hata hivyo tumekuja kuona, kwa kuwasindikiza jamaa na wenzetu katika shughuli hizi, kwamba shida ya mnunuzi kwa sehemu kubwa ni shida ya kusoma. Fedha anazo, nyumba anaiona, lakini maneno yanayomfunga hayajui. Ndiyo maana tumediriki kuiingilia shamba isiyo yetu.

Maneno na asili yake

Tuanze na maneno yenyewe. Dalali na wakili ni maneno yaliyotoka katika Kiarabu, nayo yalienea pwani pamoja na biashara. Dalali wa zamani alikuwa mtu wa mnada. Alisimama sokoni akiinadi bidhaa ya mwingine, na ujira wake ulitoka katika bei iliyopatikana. Hata sasa nchini Tanzania husemwa "dalali wa mahakama" kwa maana ya yule auzaye mali ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Wakili, kwa upande wake, ni mtu aliyekabidhiwa jambo na mwenziwe ili aseme na kutenda kwa niaba yake.

Tofauti ya watu hawa wawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dalali hapati kitu ila biashara ikikamilika. Kwa hiyo hata awe mwaminifu namna gani, moyo wake huelekea upande wa kukamilisha. Wakili mwema aweza kukushauri usinunue, na bado akastahili malipo yake. Mnunuzi anayesahau jambo hili huishia kumsikiliza dalali kana kwamba ni wakili, na kumwogopa wakili kana kwamba ni hakimu.

Huko Uingereza, ambako sheria nyingi za Uganda zilitoka, kazi hii imegawanywa. Wakala wa nyumba hutafuta mnunuzi kwa niaba ya muuzaji, naye hulipwa na muuzaji. Uchunguzi wa hati hufanywa na mwanasheria aitwaye solisita, ambaye ni tofauti na yule asimamaye mbele ya majaji wa mahakama kuu. Uganda haikufuata mgawanyo huo wa wanasheria. Wakili ni mmoja. Huyo huyo huandika mkataba wa nyumba asubuhi, na adhuhuri akasimama mahakamani.

Katika mitaa ya Jinja na Mbale neno dalali halisikiki sana. Watu husema "bloka", neno la Kiingereza lililokwisha kuzoea hali ya hewa ya huku. Vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwa safu huitwa mizigo. Na hati ya kumiliki ardhi, kwa Kiganda, huitwa "ekyapa", neno ambalo laelekea kuwa ndugu wa "chapa" yetu, yaani alama iliyopigwa juu ya kitu. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hili, kwa maana tutakutana nalo tena katika kinywa cha mama mmoja wa Mbale.

Karatasi ilivyofika mashariki

Mwanzoni mwa karne ya 20 Bugisu na Busoga hazikuwa na hati za ardhi. Mtu alilijua shamba lake kwa ukoo wake, kwa wazee waliokuwapo siku alipokabidhiwa, na kwa mimea iliyopandwa mipakani. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia wakuu wa Buganda ardhi kwa maili za mraba, na hiyo ndiyo asili ya neno "mailo". Lakini utaratibu huo haukuvuka Mto Nile kuja kwetu. Huku mashariki, kwa Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka 1903, ardhi ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza, na mwananchi aliyezaliwa juu yake akawa mkaaji tu.

Mji wa Mbale ulikua kutokana na makao ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza na baadaye akakosana nao. Walimwachia maili 20 za mraba mahali hapo, chini ya mlima Wanale, na wafanyabiashara wakamfuata. Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa mkuu wa baraza la Busoga, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1913. Kisha akarudi Mbale, alikofariki mwaka 1928. Basi mtu mmoja ameiunganisha miji yetu miwili katika historia, kama barabara ipitayo Iganga na Tororo inavyoiunganisha leo.

Jinja nayo ilistawi kwa ajili ya maji. Hapo ndipo Nile inapotoka katika ziwa. Reli ya kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, daraja la reli juu ya Nile likamalizika mwaka 1931, na bwawa la umeme la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954. Umeme ukaleta viwanda, viwanda vikaleta wafanyakazi kutoka pande zote za Afrika Mashariki, na wafanyakazi wakaleta Kiswahili. Kwa ajili yao serikali ilijenga mtaa wa Walukuba. Katikati ya mji, maduka na nyumba nyingi zilikuwa za wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Hao hawakupewa ardhi moja kwa moja. Walikodishiwa viwanja na serikali kwa miaka maalumu, kama vile 49 au 99, kwa masharti ya kujenga. Baadhi yao waliandika majina yao na mwaka wa ujenzi juu ya kuta, na maandishi hayo yangali yanasomeka kwa mpita njia anayeinua macho.

Mwaka 1924 ilianza kutumika Sheria ya Kusajili Hati za Ardhi. Utaratibu wake ulitoka Australia Kusini, ambako Robert Torrens aliuanzisha mwaka 1858. Msingi wake ni huu: mkataba wa mauzo peke yake hauhamishi ardhi, kinachoihamisha ni kuandikwa jina la mnunuzi katika daftari la serikali. Aliyeandikwa humo ndiye mwenyewe, ila ithibitike kwamba aliandikwa kwa udanganyifu. Wahenga wetu walikwisha kusema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," lakini wao walikuwa wakilifikiria daftari la mwenye mali mwenyewe. Torrens alilichukua daftari akalitia mikononi mwa serikali.

Katika sheria hiyo mna jambo moja linalowahusu walimu wa lugha hasa. Sheria ilitaka sahihi iandikwe kwa herufi za Kirumi. Aliyetia sahihi kwa herufi nyingine, au kwa alama tu, ilibidi jina lake liandikwe kwa herufi za Kirumi mbele ya shahidi. Hebu tulifikirie duka la Jinja la zama zile. Mwenye duka anaandika hesabu zake kwa Kigujarati, jirani yake Mwislamu anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mteja wake wa Kisoga anahesabu kwa kichwa, na nyumba iliyo juu ya vichwa vyao wote imeandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwanzo, basi, lugha ya nyumba haikuwa lugha ya waliokaa ndani yake.

Mwaka 1972

Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza katika kambi ya jeshi ya Tororo, mji ulio kati ya Jinja na Mbale, kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Muda huo ulikwisha tarehe 8 Novemba. Waliondoka watu wapatao 50,000, na katika Jinja na Mbale mitaa mizima ilibaki na milango iliyofungwa.

Milango hiyo haikukaa imefungwa kwa muda mrefu. Mwaka 1973 ilitolewa amri ya kuunda Bodi ya Kuhifadhi Mali za Waasia Walioondoka, na nyumba zikagawiwa. Waliopata maduka makubwa watu waliwaita "mafuta mingi". Mwalimu wa Kiswahili angependa kusahihisha na kusema "mafuta mengi", lakini tunashauri neno hili liachwe kama lilivyo, kwa kuwa ni sahihi kwa jinsi yake: ni Kiswahili cha Uganda cha wakati ule, kilichosemwa kambini na sokoni, na linawaeleza watu wale vizuri kuliko kamusi ingeweza.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba kila aliyegawiwa nyumba alikuwa mkubwa au mwenye bunduki. Miongoni mwao walikuwamo makarani, wauguzi na walimu, ambao walipewa barua, wakahamia, na wakawa wakilipa kodi kwa Bodi. Barua zile zilikuwa na nambari, sahihi na muhuri. Lakini hazikuwa hati. Katika daftari la ardhi jina la zamani lilibaki pale pale. Nyumba moja ikawa na jina la kwanza katika daftari, la pili katika barua ya Bodi, na la tatu katika vinywa vya majirani.

Mwaka 1975 mambo yalizidi kutatanika. Amri ya Mageuzi ya Ardhi ilitangaza kwamba ardhi yote ya Uganda ni ya umma. Waliokuwa na ardhi ya milele walihesabiwa kuwa wamekodishwa na serikali, mtu binafsi kwa miaka 99, na mashirika ya dini na ya hisani kwa miaka 199. Wenye ardhi ya kimila, ambao ndio waliokuwa wengi Bugisu na Busoga, wakawa wakaaji kwa kuachiwa tu.

Kurudishwa kwa mali

Amin aliondolewa mwaka 1979. Bunge lilipitisha Sheria ya Mali Zilizotaifishwa mwaka 1982, nayo ikaanza kutumika mwaka 1983. Sheria hiyo ilifuta mauzo na uhamisho wa mali hizo uliofanywa baada ya kufukuzwa kwa Waasia, ikazirudisha mali zenyewe chini ya serikali, na kuwaruhusu wenyewe waombe kurejeshewa. Aliyekubaliwa alipewa cheti cha kurejeshewa mali. Mtu aliyenunua nyumba kwa fedha zake halali katika miaka ya 1970, na aliyeipata kwa bunduki, wote waliwekwa katika kapu moja.

Kurejeshwa kwenyewe kulifanyika kwa wingi katika miaka ya 1990. Wengi wa wenye mali walikuwa wamekwisha kuanza maisha Uingereza, Kanada na kwingineko, na wengine walikuwa wamekufa. Badala ya kurudi wao wenyewe walitoa hati za uwakala kwa watu walioko Uganda ili wadai kwa niaba yao. Hapo ndipo dalali na wakili walipopata nguvu waliyo nayo katika miji yetu. Mwenye nyumba yuko ng'ambo, mkaaji yuko ndani, na karatasi iko mfukoni mwa mtu wa tatu. Karatasi nyingine zilikuwa za kweli, na nyingine zilikuwa za kughushi. Mambo hayo hayajamalizika hata katika karne hii. Mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa ikiichunguza Bodi ile ile na namna mali zilivyoshughulikiwa.

Wakati huo huo sheria nyingine zilibadilika. Katiba ya mwaka 1995 ilisema kwamba ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda, ikazitambua aina nne za kumiliki, nazo ni ya kimila, ya milele, ya mailo na ya kukodi. Asiye raia aweza kukodi tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 iliongeza kwamba ardhi ambayo familia inakaa juu yake au inaitegemea kwa riziki isiuzwe bila idhini ya mke au mume. Mahakama nazo zikawa kali. Katika rufani moja ya miaka ya 1990, Mahakama ya Rufani ya Uganda ilisema kwamba ardhi si mboga za kununuliwa kwa muuzaji asiyejulikana. Mnunuzi anatarajiwa kuichunguza ardhi, na kumchunguza muuzaji pia.

Kisa cha mwenzetu

Yote haya yangekuwa historia ya vitabuni tu kama yasingetufika. Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alipata kiinua mgongo chake akataka kununua nyumba Mbale. Bloka alimwonyesha nyumba ya zamani yenye veranda pana na mwembe nyuma yake. Bei ilikuwa nafuu kuliko za jirani.

"Mwalimu," akasema bloka, "wapo wengine wawili wanaoitaka. Ukiilalia, utaamka imekwenda. Na habari ya wakili usijisumbue, wetu yupo."

Mwenzetu akatoa arbuni siku ile ile. Mkataba ukaandikwa na yule wakili wa bloka, kwa Kiingereza. Kabla ya kulipa fedha zilizobaki alituletea tuusome pamoja, si kwa kuwa alikuwa na shaka, bali kwa furaha.

Tuliusoma mara mbili. Mara ya kwanza hatukuona kasoro yo yote. Mara ya pili tuligundua kwamba hapakuwa na mahali po pote palipoandikwa kwamba muuzaji anauza nyumba. Iliandikwa kwamba anauza "haki na maslahi yake katika nyumba". Tukaulizana: haki gani, na maslahi gani? Nambari ya kiwanja ilikuwapo, lakini juzuu na ukurasa wa daftari la ardhi havikutajwa. Tukamsihi mwenzetu aende ofisi ya ardhi kufanya upekuzi kabla ya kuongeza hata shilingi moja.

Majibu yalikuja. Katika daftari lilikuwamo jina la mtu aliyeondoka mwaka 1972. Warithi wake walikwisha kupata cheti cha kurejeshewa mali, na miaka ya kukodi kiwanja chenyewe ilikuwa karibu kwisha. Haki na maslahi ya muuzaji yalikuwa ya mpangaji.

Tulifuatana na mwenzetu kwenda kwa muuzaji. Tulijitayarisha kukutana na tapeli, tukamkuta mama mzee, mjane, akatukaribisha na kutuandalia chai. Marehemu mumewe, aliyekuwa karani, aligawiwa nyumba ile mwaka 1973. Hapo walizaa, hapo walilea, na hapo alimtolea mumewe kwenda kuzikwa. Tulipomweleza habari za daftari alinyanyuka, akaleta bahasha iliyofungwa kwa kitambaa, akatoa barua ya Bodi iliyokwisha kugeuka rangi. Akaweka kidole juu ya muhuri.

"Chapa si hii, wanangu?" akatuuliza.

Hatukuwa na jibu. Kwa muda wa zaidi ya miaka 40 mama yule aliitunza karatasi ile akiamini kwamba ni ekyapa, kwa kuwa ilikuwa na chapa. Hakuna aliyewahi kumsomea. Bloka alijua, au alipaswa kujua. Aliyeuandika mkataba alijua bila shaka, kwa maana aliyachagua maneno yake kwa uangalifu mkubwa. Hakusema uongo hata neno moja. Nusu ya arbuni alikuwa nayo bloka, na nusu nyingine mama alikwisha kumlipia mjukuu wake ada ya shule. Bloka hakupatikana tena kwa simu. Mwenzetu hakumdai mama ile nusu yake, na njiani tulipokuwa tukirudi hakusema neno mpaka tulipofika kwenye mnara wa saa.

Nani asiyejua kusoma?

Tangu siku ile tumekuwa tukiitafakari sheria moja ya zamani ambayo watu wachache huitaja. Ni Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, iliyotungwa Uganda mwaka 1918. Inamtaka mtu anayemwandikia mwingine hati aandike jina lake kamili na anwani yake juu ya hati hiyo, na kwa kufanya hivyo ahesabiwe kuwa anashuhudia kwamba aliagizwa kuiandika, kwamba inasema sawasawa yale aliyoagizwa, na kwamba alimsomea na kumweleza mwenyewe.

Tunaomba wenzetu waangalie namna sheria hiyo inavyomtaja asiyejua kusoma. Haisemi kwamba ni yule asiyekwenda shule. Inasema ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi au lugha ambayo hati husika imeandikwa kwayo. Kwa maana hiyo mzee anayesoma Biblia kwa Kigisu, au Kurani kwa Kiarabu, au gazeti kwa Kiswahili, mbele ya mkataba wa Kiingereza asiouelewa ni asiyejua kusoma, na sheria inamlinda. Hiyo si aibu kwake. Ni haki yake kusema, "Nisomee kwa lugha yangu, kisha uandike jina lako hapa." Mwenzetu na sisi, kwa elimu yetu yote, tulikaribia kuingia katika kundi hilo hilo.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini lugha haiwi rasmi kwa kuandikwa katika Katiba peke yake. Itakuwa rasmi siku mjane wa Mbale atakapoweza kuuliza kwa lugha hiyo, "Karatasi hii inasema nini?" akajibiwa kwa lugha hiyo hiyo.

Maswali ya kufundishwa

Tunapendekeza basi kwamba katika madarasa ya juu, na hasa katika madarasa ya watu wazima, mkataba wa mauzo usomwe kama tunavyosoma hadithi na shairi. Wanafunzi waufasiri kwa Kiswahili, na wajizoeze kuuliza maswali yafuatayo.

Kwanza, nani ameandikwa katika daftari la ardhi? Jibu halitoki kwa bloka wala kwa mwenyekiti wa LC1; linatoka katika ofisi ya ardhi. Ofisi ya Jinja ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuwekewa daftari la kompyuta mwaka 2013, na ya Mbale ikafuata baadaye. Pili, ni ardhi ya aina gani, na ikiwa ni ya kukodi, imebaki miaka mingapi? Nyumba imara juu ya kiwanja kilichobakiwa na miaka mitatu ni kama embe bivu lililoning'inia juu ya ua wa jirani. Tatu, ikiwa nyumba ni ya kabla ya mwaka 1972, ilikuwa ya nani, na kiko wapi cheti cha kurejeshewa? Nne, nani anakaa ndani, na kwa haki gani? Majirani hawahamishi ardhi, lakini hujua mengi ambayo daftari halijui, na mwenyekiti wa mtaa anafaa kuulizwa hapo. Tano, mke au mume wa muuzaji amekubali? Sita, anayeuza kwa hati ya uwakala alipewa na nani, na mtu huyo yu hai? Saba, wakili huyu ni wa nani?

Swali hili la mwisho ndilo linaloonewa haya zaidi. Watu wetu hudhani kwamba kuleta wakili wako mwenyewe ni kumtukana muuzaji. Si hivyo. Wakili hawezi kuwavuta watu wawili wanaoelekea pande mbili. Tena Sheria ya Mawakili ya mwaka 1970 inamkataza asiye wakili kuandika kwa malipo hati za kuhamisha ardhi. Kwa hiyo "wakili" anayekutana na wateja chini ya mti akiwa na muhuri mfukoni aulizwe pia jina lake liko katika orodha gani.

Hatusemi kwamba madalali wote ni wadanganyifu. Wapo wanaojua historia ya kila kiwanja kuliko makarani wa ofisi, na wanaomwambia mnunuzi ukweli hata ukiwapunguzia riziki. Wala mawakili wote si kama yule tuliyekutana na maandishi yake. Tunachosema ni kwamba tangu mwaka 1972 karatasi na nyumba za miji yetu hii ziliachana, na bado hazijarudiana zote. Hapo katikati ndipo mnunuzi hutumbukia, na mara nyingi humkuta mtu mwingine aliyekwisha kutumbukia kabla yake.

Mwenzetu alinunua kiwanja kidogo mwaka uliofuata, nje ya mji, njia ya kwenda Nakaloke. Safari hii hakuna aliyemharakisha. Muuzaji alikuwa mzee wa Kigisu asiyejua Kiingereza. Mkataba ulisomwa kwa Kigisu na kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, mbele ya mkewe, wanawe na majirani wa pande zote nne, na shughuli ikachukua adhuhuri nzima. Mwishoni aliyeuandika aliinama akaongeza jina lake na anwani yake, kama sheria ya mwaka 1918 inavyotaka. Mzee yule akaomba asomewe na hilo pia.